Ukurasa Mzima Kwenye Kioo

Zliten, 20 Januari 2018

Kwa mdogo wangu Miftah,

Assalamu alaikum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Zeituni tumeshakamua, mwaka huu mafuta ni machache lakini mazito, na dumu lako nimelitenga ingawa hulistahili. Shangazi Salima goti linamsumbua, anatembea kwa kushika ukuta, ila ulimi wake mzima kabisa. Kila siku anauliza utaoa lini tena, nami namwambia akuulize wewe mwenyewe. Umeme unakatika kama kawaida. Sukari yangu imeshuka kidogo. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Unajua kwa nini naandika. Siku ile uliponikatia simu nikiwa katikati ya neno, niliapa kwa Mungu kwamba sisemi nawe kwenye simu mpaka mwaka upite, na mimi sitoi kafara ya kiapo kwa ajili ya mtu kama wewe. Kwa hiyo dereva Lamin atabeba karatasi. Anavuka mpaka na kupita hapo Sfax kila akileta wagonjwa hospitalini, basi mpe majibu asirudi mikono mitupu.

Sasa tuje kwenye hicho kishikwambi ulichoniletea. Wallahi Miftah, una duka zima la simu, vioo vimejaa mpaka dirishani, na mimi dada yako niliyekufuta makamasi ukaona unichagulie takataka hii? Nikifungua ukurasa wa msahafu herufi zimechanika kingo kama nguo iliyotafunwa na panya. Fatha, kasra na shada, alama hizo ndogo za kusomea, zimegandana pamoja, sijui ipi ni ipi. Nakikodolea macho mpaka kichwa kinaniuma.

Na huu si wakati wa mchezo. Mtihani ni mwezi wa nne. Ofisi ya wakfu imeamua kwamba kila anayehifadhisha watu Qurani atahiniwe upya, hata sisi tulioota mvi kwenye kazi hii. Nisipofaulu, madrasa ya wanawake anapewa Najmiya, yule mwenye sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Tangu mume wangu afariki sina kingine duniani isipokuwa madrasa ile. Wewe unalijua hilo.

Nataka kioo kama cha ile simu ya mteja wako, uliyonishikisha dukani nilipokuja kuchomwa sindano za macho. Ile ilikuwa na nukta nyingi za mwanga kwenye kioo, herufi zake kali kama zimeandikwa kwa kalamu ya mwanzi. Nilisoma ukurasa mzima bila miwani, kidole kwenye mstari, na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo. Nitafutie kama ile. Fanya haraka.

Dada yako,
Mabruka


Sfax, 9 Februari 2018

Kwa dada Mabruka,

Waalaikum salaam. Nimepokea barua na matusi, vyote vimefika salama. Mpe shangazi pole ya goti na umwambie sioi, nimeridhika na amani. Hapa baridi kali, biashara imelala, mwenye nyumba amepandisha kodi. Dumu la mafuta mpe Lamin, usiliache likae hapo mpaka majirani walimalize.

Kuhusu kioo, acha nikwambie mimi ninayevifungua na kuvifunga tangu asubuhi mpaka jioni. Nukta nyingi ni maneno ya wauzaji. Kila mwaka wanaongeza, kila mwaka wanatangaza kwamba sasa ndiyo macho yatapumzika. Zamani kweli ilisaidia, vioo vilikuwa vibovu, unaona doa moja moja. Lakini kuna mahali jicho linafika halitofautishi tena, na kuanzia hapo mteja analipia namba. Wateja wanapenda kutajiwa namba, basi mimi nawatajia. Wewe ni damu yangu, sikutajii.

Kinachorahisisha kusoma ni ukubwa wa herufi na mwanga. Basi. Kuza herufi. Kuna alama pembeni, igonge mara mbili, maandishi yatakuwa makubwa kama kibao cha duka la nyama. Kishikwambi hicho kinakutosha.

Na hiyo simu ya mteja isahau. Mwenyewe alishaichukua.

Miftah


Zliten, 2 Machi 2018

Miftah,

Salamu ni haki ya Mwislamu, kwa hiyo assalamu alaikum. Shangazi anakusalimu, mimi naifikisha tu. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo na paa la jikoni linavuja. Mtoto wa kwanza wa binamu yetu Suleiman ameposwa. Tumekula bazini kwao, ugali wa shayiri laini lakini nyama ngumu.

Kuza herufi! Ala! Hivi umesahau umezaliwa nyumba gani? Au kwa vile ulitoroka chuoni ukiwa bado juzuu ya Amma, ile ya watoto wanaoanza, ukaona Qurani ni kama bei za simu, zinasomeka hata zikiandikwa ukutani?

Sikiliza, ewe mfunga vioo. Sisi hatukumbuki maneno peke yake. Tunakumbuka mahali. Msahafu wa baba nimeurudia tangu nikiwa msichana, na kila aya ina kwake. Hii iko kona ya juu kulia, hii inamalizia ukurasa wa kushoto, ile ina doa la chai karibu yake. Nikifumba macho nauona ukurasa. Sasa nikigonga hiyo alama yako, maandishi yanakua na mistari inavunjika. Ya juu inashuka chini, ya kulia inahamia kushoto, ukurasa mmoja unakuwa minne. Aya zimehamishwa nyumba zao! Huko ni kunisomesha au kunitia wazimu?

Chukua kisa cha Musa na wachawi. Kimo kwenye Al-Aaraf, kimo kwenye Ash-Shuaraa, na maneno yanakaribiana mpaka mtu akizubaa anavuka kutoka sura hii kwenda ile bila kujua. Mimi sivuki, kwa sababu cha Al-Aaraf nakiona kimeanza juu ya ukurasa na kile kingine kiko katikati. Ukinipangulia kurasa, hicho ndicho unachonipangulia.

Ndiyo maana nataka kioo chenye nukta nyingi. Si urembo. Kioo kile kinaubeba ukurasa mzima jinsi ulivyo, mdogo lakini safi, kila irabu mahali pake. Chako nikiweka ukurasa mzima ni tope. Lakini kwa vile wewe ni bahili, na umekuwa bahili tangu utoto, nimekiweka hivyo hivyo, ukurasa mzima, nakisogeza karibu na pua, nasoma. Kila siku juzuu mbili. Nasoma vizuri tu, alhamdulillahi. Nitafaulu bila msaada wako, na siku hiyo nitakuandikia barua ndefu.

Mabruka


Sfax, 25 Machi 2018

Dada,

Wazima? Nami mzima. Mafuta yamefika, ahsante.

Sina la kubishana. Ninalokuomba ni moja: hicho kishikwambi kiweke kabatini. Na msahafu pia ufunge kwa muda. Pitia kwa masikio. Soma mtu akusikilize, akikosoa rudia. Yupo Najmiya hapo hapo madrasani, hafidha kamili, mkalishe akusikilize kila siku kabla ya mtihani. Macho yako yapumzike.

Fanya hivyo, dada. Usiniulize sababu.

Miftah


Zliten, 30 Aprili 2018

Miftah,

Shangazi yu hai. Ni hilo tu la nyumbani, mengine huna haki nayo.

Nimeanguka.

Nakuandikia kila kitu ukisome na kikukae. Walikuwa mashekhe watatu nyuma ya meza. Watu wanaonijua! Mmoja mama yake alihifadhi mikononi mwangu. Walinianzishia Al-Aaraf, pale wakuu wa kaumu ya Firauni wanaposema kwamba Musa ni mchawi mjuzi. Nikapokea kwa sauti nzuri, nimetulia, sina wasiwasi hata chembe. Nikaendelea: anataka kukutoeni katika ardhi yenu kwa uchawi wake. Wakagonga meza kwamba nimekosea. Nikarudia, kwa uchawi wake. Wakagonga tena. Mimi nawashangaa wao! Nikaendelea mbele, na kumbe nilishavuka, niko katikati ya Ash-Shuaraa natiririka kama maji, na yule niliyemfundishia mama yake ameinamisha kichwa ananionea haya. "Kwa uchawi wake" haimo kwenye Al-Aaraf, Miftah. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaijua hiyo. Mimi mwenyewe nimewachapa wasichana kwa hiyo.

Waliniambia nirudi mwezi wa kumi, ndiyo nafasi ya mwisho. Mpaka hapo madrasa inashikwa na Najmiya. Alikuja nyumbani na asali. Nikamfungia mlango.

Na wewe, mwanahizaya usiye na haya, ndiye uliyeniambia nikae miguuni pake anikosoe. "Usiniulize sababu." Sababu naijua, ulitaka anidharau kabla hata ya mtihani. Kosa hilo sikuwa nalo maishani mwangu. Nimelipata kwenye takataka yako. Nimeisoma Al-Aaraf humo tena na tena, na kila mara niliisoma vile vile nilivyoisoma mbele yao. Kioo chako cha tope ndicho kilichonifundisha vibaya. Umenivua nguo mbele za watu kwa ajili ya kubana matumizi, na ungenipa kioo kizuri, kama kile cha dukani nilichokisoma bila miwani, leo ningekuwa kwenye kiti changu.

Usinijibu kama huna la maana.

Mabruka


Sfax, 3 Julai 2018

Kwa dada yangu Mabruka,

Ramadhani imepita, Idi imepita, sikuandika. Nilianza barua nne nikazichana. Sasa Lamin ananiambia huenda wakafunga mpaka, watu wamekasirika kule Ben Gardane mpakani, kwa hiyo naandika leo kwa nguvu, na atapita akiweza kupita.

Umeniita bahili, mwanahizaya, mtu asiye na haya. Haya. Sasa nisomee hii, au atafutwe mtu akusomee, maana sijui kama unaiona.

Simu ile ya mteja. Nilikufungulia Al-Aaraf. Ulishika, ukaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, ukaanza kusoma, na uso wako ukafurahi mpaka nami nikafurahi. Nikanyoosha mkono kukuongezea mwanga, kidole changu kikateleza, ukurasa ukaruka. Ikafunguka sura nyingine kabisa, Yunus nadhani. Nikangoja useme ala, imepotea. Hukusema. Uliendelea na Al-Aaraf, Mabruka, neno kwa neno, na kidole chako kinatembea juu ya mistari ya sura nyingine, mstari hadi mstari, mpaka ukafika mwisho ukaniambia, "Umeona? Hiki ndicho kioo."

Hukuwa unasoma. Ulikuwa unakumbuka. Nami nikaipokea simu nikairudisha kabatini.

Kesho yake ndiyo tulikwenda kwa daktari. Alizungumza nami Kifaransa na wewe uko pale kwenye kiti unanitazama. Alisema la kulia limekwisha, la kushoto linafuata, sehemu ya katikati inayosomea ndiyo inayokufa, na sindano zinapunguza kasi tu. Nikamwuliza, miwani? Akasema hapana. Taa? Hapana. Kioo kikali zaidi? Akacheka kidogo, akasema kioo ni cha mtu mwenye jicho la kukionea. Wewe ukaniuliza anasemaje. Nikakwambia anasema upunguze sukari.

Ndiyo maana nilikuletea kishikwambi cha bei ndogo. Si ubahili! Ningekununulia kile kikali ungelia kwa furaha na usingeona chochote, nami ningekutazama. Nikasema bora kikubwa, labda herufi kubwa zitamsaidia mwaka mmoja. Na ndiyo maana nilikuomba ufunge kila kitu usikilizwe na mtu. Ulikuwa unajisomea gizani. Kichwa kikivuka kwenda Ash-Shuaraa, jicho halikuwa na uwezo wa kukwambia umevuka.

Nimekufichia kwa sababu nilikuonea huruma. Lakini na wewe, tuambizane ukweli. Nani angekwambia? Nani amewahi kukwambia jambo usilolitaka akatoka salama? Nikikwambia kioo hakina maana unaniita bahili. Nikikwambia usikilizwe, naitwa mwanahizaya. Umenifundisha kukuogopa tangu nikiwa mtoto, sasa unanilaumu kwamba nakuogopa.

Nimempa Lamin pia kishikwambi kipya, kile chenye nukta nyingi kuliko vyote nilivyo navyo. Usiniulize kwa nini. Nadhani ni kwa sababu ulikitaka.

Miftah


Zliten, 21 Oktoba 2018

Miftah,

Assalamu alaikum. Anayeandika ni Najmiya. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asipunguze tusi hata moja. Barua yako ilikaa wiki nyingi kwa Lamin hadi mpaka ulipofunguliwa, na ilipofika alinisomea Lamin mwenyewe, kwa sababu nilijaribu mwenyewe nikajikuta naisoma vizuri sana na haikuwa na maana yoyote. Nilikuwa naitunga; zile za mwanzo jicho la kushoto lilikuwa bado linazivuta kwa shida.

Shangazi Salima amefariki, Mungu amrehemu, mwezi wa nane. Hukuweza kuja, mpaka ulikuwa umefungwa, kwa hilo sikulaumu. Alikuwa akikutaja. Paa la jikoni limezibwa. Tende mwaka huu nzuri.

Nianze na kioo, maana ndicho tulichogombania. Nimempa Najmiya. Yeye macho yake mazima, na anasema ukurasa unaingia wote, herufi ndogo lakini safi, irabu zimeachana, anasoma njiani na kitandani bila kukuza chochote, wala hapotezi mahali. Kile cha kwanza alikijaribu kwa ukurasa ule ule akakirudisha mara moja. Kwa hiyo kwenye kioo mimi ndiye niliyesema kweli, na wewe na namba zako kalale. Kwenye jicho wewe ndiye uliyesema kweli. Ningependa ingekuwa kinyume chake.

Baada ya barua yako niliufungua mlango ule niliomfungia Najmiya. Kisha nikamwita huyu. Nilimwambia, njoo unisikilize, na ukinionea huruma nakutoa nje. Hakunionea. Tangu mwezi wa tisa, kila siku baada ya alasiri, mimi nimekaa mikono mapajani na yeye msahafu mkononi. Siku ya kwanza alinisimamisha mara nyingi mpaka nikamwita jina ambalo sasa hivi amekataa kuliandika. Kumbe "kwa uchawi wake" lilikuwa kosa moja tu. Yalikuwepo mengine, Miftah, mengi, yote mapya, yote ya mwaka huu, yote nimeyakariri mwenyewe nikiwa na kioo puani, nikijisifu kwamba nasoma. Tuliyang'oa moja baada ya jingine kama magugu.

Juzi niliingia kwa mashekhe wale wale. Wakaniwekea msahafu mbele, adabu yao, nikawaambia uondoeni. Wakanianzishia mahali kumi. Meza haikugongwa hata mara moja. Wakanipa shahada na wakaniambia kiti ni changu, ila mbao wanazoandikia aya wasichana azikague Najmiya, maana zinataka mtu anayeona. Nimekubali. Nilitaka kukataa, nikakumbuka nani alikaa nami tangu mwezi wa tisa.

Sasa sikia, na Najmiya aandike hili taratibu. Kwamba jicho linakufa, hilo la Mungu, sina ugomvi nalo. Lakini ulilijua. Ulisimama dukani ukaniona nimeweka kidole kwenye Yunus nikisoma Al-Aaraf, ukanyamaza. Ukaniacha niende nyumbani nikae miezi nikiyavuruga maneno ya Mungu kwa mdomo wangu mwenyewe, asubuhi na jioni, nikiwa na udhu, nikidhani naabudu. Unasema ulinionea huruma. Ulijionea huruma wewe, usije ukaona uso wangu. Na unasema nilikufundisha kuniogopa. Huenda. Najmiya pia ananiogopa, na ananisimamisha kila siku.

Mwakani ukija Idi utalala nyumbani, chumba cha baba kimefagiwa, na utakula nami sinia moja kwa sababu sina ndugu mwingine. Ila usiniulize kama nimekusamehe. Nitakapokusamehe nitakwambia, sitakuficha.

Mabruka